Dawa kali ya maumivu na usukani: mwongozo kamili kwa dereva wa Mombasa

Wiki iliyopita watu wanne walisimama mbele ya kaunta ya duka langu la dawa hapa Mwembe Tayari na swali moja: "Hii tramadoli naweza kuendesha nayo?" Watatu kati yao walikuwa wameshaendesha. Ufunguo u mkononi, gari liko nje, tena limeegeshwa vibaya. Hawakuja kuuliza. Walikuja kutafuta baraka.

Kila nikijibu kwa maneno mawili, watu wanarudi na kosa lilelile, nalo ni hili: wanajipima barabarani. "Nitatoka, nikiona nasinzia nitasimama." Lakini dawa hizi zikikupunguzia wepesi, hukupunguzia pia uwezo wa kujua kwamba umepungua. Anayesinzia ndiye wa mwisho kupata habari. Kwa hiyo uamuzi wa kuendesha ufanywe nyumbani, kwa maandishi, na jicho la mtu mwengine liwepo.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mgongo ulinishika nikiinua katoni za maji ya dripu, nikameza tramadoli ya miligramu 50 adhuhuri, na saa mbili baadaye nikatoka Buxton kwenda Nyali. Nilitakiwa nivuke daraja nikate kulia. Nikazinduka niko Bombolulu. Sikulala, wala sikuhisi usingizi hata kidogo. Ila ukiniuliza leo daraja lilikuwa na foleni au halikuwa, sijui. Mfamasia mzima.

## Kabla hujasoma zaidi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandikiwa dawa na daktari na anaimeza alivyoandikiwa. Usiache dozi ili upate kuendesha. Ukiruka, maumivu yanarudi, na kama umeitumia wiki kadhaa mwili unaanza kuidai: jasho, kutetemeka, tumbo kuharisha, mafua yasiyo mafua. Mtu wa hali hiyo hafai kushika usukani kama asivyofaa anayesinzia.

Na pana dalili ambazo si za kusubiri hatua yoyote: kupumua polepole mno au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo kugeuka rangi, mtu kutingishwa asiamke. Huyo akimbizwe hospitali mara moja, na waambieni wahudumu ni dawa gani amemeza, kwa sababu ipo dawa ya kuitengua, naloksoni, na huchomwa kwa haraka.

## Vitu vya kuwa navyo

- Boksi la dawa lenyewe pamoja na ile karatasi iliyokunjwa ndani. Pakiti ya karatasi ya kaki iliyoandikwa "1x3" haitoshi. Rudi dukani uulize jina.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila daftari mkeo au mumeo anaweza kulisoma bila kukuomba namba ya siri.
- Orodha ya kila kitu kingine unachomeza, kunywa au kutafuna.
- Mtu mmoja anayekuona kila siku na asiyekuogopa. Huyu ndiye kifaa muhimu kuliko vyote. Mfanyakazi wako hafai, atakwambia unachotaka kusikia.
- Nauli ya siku 7, imetengwa kando kabla hujaanza dawa. Nimeona watu wakiendesha kwa sababu tu pesa ya tuktuk haikuwa kwenye hesabu ya wiki.
- Namba ya simu ya kliniki iliyokuandikia.

## Hatua ya 1: Jua umemeza nini hasa

Tafuta kwenye boksi mojawapo ya majina haya yaliyopigwa chapa: Tramadol, Codeine, Dihydrocodeine, Morphine, Oxycodone, Pethidine, Fentanyl. Jina kubwa la mbele huenda likawa la kampuni, kama DF118, ambayo ndani yake ni dihaidrokodeini. Lile la kweli limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Zote ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa afyuni, na zote husinzisha.

Panadol peke yake haimo. Ibuprofeni na diklofenaki hazimo. Lakini vipo vidonge ambavyo mtu huviita "Panadol kali" na kumbe vina kodeini ndani, na vingine vina kodeini pamoja na dawa ya mzio inayosinzisha, vyote ndani ya kidonge kimoja. Ndiyo maana nasema soma herufi ndogo.

Kisha tazama kama kuna herufi SR au XR, au neno Retard. Tramadoli ya kawaida hufika kileleni kama saa mbili baada ya kuimeza, na kazi yake huchukua saa 4 hadi 6. Yenye SR hutoka polepole kwa saa 12 hivi, kwa hiyo haina ule wakati wa "imeshaisha". Usiivunje wala kuitafuna: dozi ya nusu siku nzima itaingia kwa mkupuo.

Kuna wanaotumia kiraka cha fentanili cha kubandika kwenye ngozi, hasa wagonjwa wa saratani. Hiki hukaa siku tatu, na joto huongeza kasi ya dawa kuingia mwilini. Gari lililokaa juani Mombasa mwezi wa pili, saa saba mchana, ni tanuri. Kwa kiraka, kaa kwenye kiti cha abiria, tena gari likishapoa.

Umefaulu kama unaweza kusema bila kutazama: jina la dawa, miligramu ngapi, ya kawaida au ya polepole.

## Hatua ya 2: Andika vinavyoandamana nayo

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu anahesabu tramadoli na kusahau Piriton aliyomeza usiku kwa ajili ya pua. Dawa mbili za usingizi zikikutana hazijumlishwi kama hesabu ya darasa la kwanza, huzidishana.

Weka alama nyekundu ukiona chochote kati ya hivi kwenye orodha yako: pombe ya aina yoyote, mnazi ukiwemo, Piriton na promethazini, diazepamu na wenziwe wa kutuliza, amitriptilini, gabapentini na pregabalini, ambazo wagonjwa wa mgongo huandikiwa sana, dawa za kulegeza misuli, dawa za kikohozi za maji. Ukiwa na alama nyekundu moja, huna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata mpaka umeongea na daktari wako.

Muguka na miraa ni mlango mwengine. Madereva wananiambia, "Ami, nikitafuna kidogo usingizi wote unaondoka." Unaondoka machoni tu, dawa bado iko kwenye damu, na mkono bado ni mzito. Kisha muguka ukiisha, usingizi wote uliouahirisha unadai deni lake kwa pamoja, na wewe pengine uko Kibarani katikati ya matrela. Isitoshe, tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, hasa dozi ikizidi. Kuiwekea kichangamshi juu yake ni kuongeza kuni.

Mambo mawili zaidi ya kuandika: ugonjwa wa figo, kwa sababu dawa hukawia kutoka mwilini, na asili ya mwili wako. Kodeini na tramadoli hugeuzwa na ini kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na wapo watu ambao ini lao hugeuza upesi mno. Watu hao ni wengi zaidi kati ya wenye asili ya Uhabeshi, Afrika Kaskazini na Uarabuni, na hapa pwani damu hizo tunazo. Kama kidonge kimoja cha kodeini kiliwahi kukulaza siku nzima wakati jirani anakunywa viwili na kwenda kazini, usijilinganishe naye. Mwambie daktari.

## Hatua ya 3: Siku 7 za mwanzo, usukani weka kando

Hii ndiyo kanuni yangu kaunta: siku 7 kamili tangu kidonge cha kwanza, na siku 7 nyingine kila dozi inapopandishwa. Daktari akikupa zaidi, fuata yake. Usukani hapa ni pamoja na tuktuk, pikipiki, baiskeli, na mashine za kunyanyua mizigo bandarini.

Sababu ni kwamba siku za mwanzo ndipo usingizi na kizunguzungu hupiga kwa nguvu zote, kabla mwili haujazoea. Wengi huzoea. (Choo kigumu mwili hauzoei, kwa hiyo maji na mapapai yaanze siku hiyohiyo, hilo halihusiani na kuendesha, ila ndilo linaloleta watu kwangu wakiwa wamenuna.)

Ukitoka hospitali umechomwa sindano ya pethidini au mofini, au umelazwa usingizi wa operesheni hata ndogo, hata kama unahisi umeamka kabisa, saa 24 za kwanza si zako. Mtu aje akuchukue. Mpigie kabla hujaingia chumba cha operesheni, maana ukitoka utasema huhitaji.

Na usafiri wako wiki hiyo uwe tuktuk, matatu au gari la jamaa. Bodaboda usipande hata kama abiria. Abiria anayesinzia nyuma ya pikipiki huanguka.

## Hatua ya 4: Daftari

Kwa siku hizo 7 andika mambo manne tu: saa uliyomeza, kiasi, ulichohisi, na alichoona mtu wako. Safu ya nne aijaze yeye. Huu ni ukurasa wa mteja wangu mmoja aliyenipa ruhusa niutumie:

*Saa 1 asubuhi, kidonge kimoja, baada ya chai. Saa 3, kizunguzungu nikiinuka. Saa 3 na nusu, nimesoma ujumbe mmoja mara tatu. Saa 6, nimechangamka. Saa 7 mchana, kidonge cha pili. Saa 9, nimekaa tu natazama mpira.*

Na chini yake, kwa mwandiko mwengine: *Saa 9 alikoroma. Nikamwamsha, akasema hakulala.*

Mstari huo wa mwisho ndio unaonifanya nisisitize mtu wa pili. Bwana huyu hakusema uwongo. Kwa hesabu ya kichwa chake, hakulala kweli.

Umefaulu kama baada ya siku 7 unaona mchoro: saa zipi unazama, saa zipi uko macho, na safu zenu mbili zinakubaliana. Zisipokubaliana, amini ya mwenzako na uongeze siku.

## Hatua ya 5: Vipimo vya nyumbani

Elewa jambo moja kwanza. Vipimo hivi vinakuzuia, havikuruhusu. Ukianguka kimoja, siku hiyo imeisha. Ukipita vyote, umepata tu ruhusa ya kwenda hatua ya 6. Vifanye saa mbili baada ya kumeza, dawa ikiwa kileleni; kujipima kabla ya kidonge ni kumwuliza mtu mwengine kabisa.

Kioo. Simama mahali penye kivuli utazame mboni za macho yako. Dawa hizi hubana mboni ikawa ndogo kama ncha ya sindano. Mboni iliyobana haipokei mwanga wa kutosha, kwa hiyo giza litakuwa giza zaidi kwako kuliko kwa wengine. Ukiona hivyo, kuendesha usiku kumefutwa kwa muda wote utakaotumia dawa, hata kama mengine yote ni mazuri.

Kusoma. Chukua gazeti, soma aya moja ya habari usiyoijua, lifunge, mweleze mwenzako ilisema nini. Ukirudia mstari au ukasahau nani alifanya nini, basi.

Mstari. Tembea hatua tisa kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole gumba, ugeuke, urudi. Mwenzako asimame karibu.

Breki. Hiki ndicho wagonjwa wa mguu, nyonga na mgongo hukikwepa. Kaa kwenye gari lililozimwa, handibreki juu. Mwenzako aseme "sasa!" ghafla wakati mnazungumza habari nyingine. Mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki na ukanyage kwa nguvu zote, mara kumi. Ukisita hata mara moja kwa sababu ya maumivu, tatizo si dawa tena, ni mguu. Vivyo hivyo geuza shingo kulia na kushoto kama unayetazama pikipiki inayokupita. Anayegeuza mabega badala ya shingo hataiona.

Siku nzima. Mwulize mwenzako: "Leo nimesinzia katikati ya mazungumzo?" Usimwulize kama umechoka. Mwulize alichoona.

## Hatua ya 6: Mwulize daktari swali lililo sawa

Kijana mmoja wa tuktuk kutoka Kisauni alikuja kwangu akiwa amevunjika kidole cha mguu.

"Ami, daktari kasema naweza kuendesha."

"Ulimwambia kazi yako?"

"Hakuniuliza."

"Sasa ulimwambiaje?"

"Nilimwambia tu, naweza kuendesha? Akasema, ukijisikia vizuri, sawa."

Daktari alidhani anaongea na mtu wa kutoka nyumbani kwenda ofisini na kurudi. Kumbe huyu yuko barabarani saa 12 kwa siku, akibeba watoto wa shule asubuhi na wateja wa Kongowea jioni. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa; ila swali lilikuwa bovu.

Nenda na daftari lako, mpe alisome, kisha sema hivi: "Mimi huendesha gari la aina hii, kwa saa kadhaa, njia hii, saa hizi. Nameza dawa hii saa hizi. Pia natumia hizi." Halafu uliza:

1. Je, dozi kubwa inaweza kuhamishiwa usiku?
2. Je, kuna dawa isiyosinzisha ambayo itatosha mchana, na hii ibaki ya usiku?
3. Nitaitumia kwa muda gani, na nitaipunguzaje?
4. Kwa kazi yangu, unaniruhusu au unanipa karatasi ya kupumzika?

Hilo la nne ni la madereva wa matatu, matrela na magari ya shule. Tajiri hatapenda, najua. Lakini karatasi ya daktari ina uzito kuliko maneno yako, na dereva wa trela la tani nyingi hana nafasi ya "nitajaribu". Kwa hawa ushauri wangu ni mkali zaidi: maadamu unameza dawa hii mchana, abiria na mizigo ya watu ikae.

Wagonjwa wa siko seli, ambao hapa pwani si wachache, huwa na shida ya namna yao: maumivu huja ghafla, na dawa humezwa siku yoyote bila ratiba. Hamna wiki ya kuzoea. Kwenu kanuni ni rahisi na ni chungu: siku uliyomeza, huendeshi, na kesho yake unaanza na vipimo.

Umefaulu kama daktari ametaja kazi yako kwa mdomo wake alipokuwa akijibu.

## Hatua ya 7: Safari ya kwanza

Imepita wiki, daftari ni safi, vipimo vimepita, daktari amekubali. Bado usiende Mtwapa.

Chagua Jumapili asubuhi. Wakati uwe ule ambao daftari linasema uko macho, yaani kilele kimepita na kidonge kinachofuata hakijafika. Mwenye leseni akae pembeni yako, na mkubaliane kabla hamjatoka kwamba akisema "simama" utasimama bila kuhojiana. Kama ni mkeo, mkubaliane mara mbili.

Njia iwe ya mitaa mnayoijua, kama kuzunguka Tudor au Ganjoni, dakika 15, bila daraja, bila feri, bila barabara ya matrela. Washa kipoza hewa au fungua madirisha kwa sababu ya joto, si kwa kujitia macho. Upepo wa dirishani hauondoi dawa. Kahawa tungu nayo haiondoi. Nimeshabishana na wazee wa barazani juu ya hili mpaka nimechoka.

Zijue ishara za kusimama:

- Umepita kona uliyokusudia.
- Hukumbuki mtaa uliotoka sasa hivi.
- Gari linahamia kwenye mstari wa barabara, linarudi, linahamia tena.
- Umeona tuta ukiwa tayari juu yake.
- Kope zinashuka polepole, au unajikuta unakodoa macho kwa makusudi.
- Mwenzako amekanyaga breki isiyokuwepo upande wake.

Moja tu inatosha. Toka barabarani, zima gari, mpe ufunguo mwenzako. Kulala dakika kumi kisha kuendelea ni dawa ya uchovu, na wewe huna uchovu. Una dawa kwenye damu, na haitatoka kwa dakika kumi.

Umefaulu kama mwenzako hakusema neno, na ukifika unaweza kumsimulia njia yote mlivyopita, kona kwa kona. Rudieni mara tatu kwa siku tofauti kabla hujaenda peke yako.

## Hatua ya 8: Feri, Makupa na Dongo Kundu

Likoni ina mtego wake. Unakaa kwenye foleni, gari limezimwa, joto limejaa, muda unapita, na kukaa bure ndiko kunakoita usingizi. Halafu ghafla unapungiwa mkono, na kwa sekunde chache unatakiwa uteremke mteremko, upande kwenye pantoni, usimame sentimita chache nyuma ya gari la mbele, huku maelfu ya watu wa miguu wakipita kila upande. Kazi ya polepole inageuka ya haraka bila onyo, na dawa inachelewesha hasa mgeuko huo. Ukilazimika kuvuka, vuka kwa miguu na uchukue matatu ng'ambo.

Barabara ya Dongo Kundu hukuepusha na feri, ila ina kasoro ya kinyume: ni ndefu, pana, na haina vitu vingi vya kukushtua. Barabara tupu humlaza dereva kuliko foleni. Ifanye ya mwisho kwenye orodha yako.

Makupa hadi Changamwe tatizo ni matrela ya bandarini. Trela likikata mbele yako, huna zile nusu sekunde ambazo dawa imekuibia.

## Hatua ya 9: Ukisimamishwa na askari

Kile kipimo cha kupuliza hupima pombe tu. Hakioni tramadoli wala mofini. Watu wakisikia hivyo hufurahi, na wanafurahia kitu kibaya. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataja kileo na dawa kwa pamoja: ni kosa kuendesha, kujaribu kuendesha au kuwa na mamlaka ya gari ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kinachotazamwa ni kama unalimudu gari. Dawa ilitoka kwa daktari au kichochoroni, swali hilo halibadiliki.

Kwa hiyo beba karatasi ya daktari na dawa zikiwa ndani ya boksi lake lenye jina lako. Karatasi inaeleza kwa nini una tramadoli mfukoni. Haielezi kwa nini gari lilikuwa linapepesuka.

## Hatua ya 10: Siku za kurudi mwanzo

Rudi hatua ya 3 bila kujadiliana na nafsi yako yakitokea haya: dozi imepanda, dawa imebadilishwa hata kwa ya ukoo uleule, umeongezewa dawa nyingine yenye alama nyekundu, umekaa siku kadhaa bila dawa kisha ukaanza tena, au umeharisha na kutapika. Ukipata degedege, hata mara moja, usiguse usukani mpaka daktari aseme.

Na Ramadhani. Kila mwaka mwezi huu huniletea watu walewale. Mtu alikuwa ameshazoea kidonge cha asubuhi na mchana, sasa vyote vinahamia usiku: kimoja kwa futari, kimoja kwa daku. Ratiba imegeuka, kwa hiyo daftari la zamani halisemi kweli tena. Akifuturu saa 12 na nusu na kumeza hapohapo, kilele kinamkuta saa mbili na nusu akitoka tarawehe, gizani, mboni zimebana, watoto wamejaa barabarani. Na asubuhi, kile cha daku bado kinafanya kazi anapopeleka watoto shule. Mchana tena mwili umekauka, kizunguzungu kinazidi.

Kabla mwezi haujaandama, nenda kwa daktari upange saa mpya. Mengine ya kufunga au kutofunga kwa mgonjwa mwulize sheikh wako na daktari kwa pamoja. Wiki ya kwanza ya mfungo ihesabu kama wiki ya kwanza ya dawa: msikitini nenda kwa miguu, shuleni watoto wapelekwe na mtu mwengine.

## Dawa ikiisha

Kama umeitumia zaidi ya wiki chache, usikate ghafla. Daktari atakushusha ngazi kwa ngazi, na kwa kila ngazi jipime upya kwa hatua ya 5. Ukimaliza kidonge cha mwisho, acha usiku mzima upite kabla ya kuendesha, na kama ilikuwa ya SR au kiraka, acha zaidi, kwa siku utakazoambiwa.

Vilivyobaki usimpe jirani mwenye mgongo, na usiviache kwenye dashibodi. Jua la Mombasa huviharibu, na mtoto akingoja garini huvikuta. Vilete kaunta kwenye boksi lake, uniachie mimi.